Kabla hujaongeza kaboni, jua kama unataka kuzuia maikrowevu au kuyanyonya

Wadau, swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoanza projekti za nanotyubu (vimirija vidogo sana vya kaboni) na grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja) ni hili, eti niweke asilimia ngapi ndo inyonye vizuri? Mimi nasema asilimia ije baadaye, amua kwanza unataka kuzuia au kunyonya maana ni kazi mbili tofauti.

Ukimwaga kaboni nyingi kwenye epoksi (gundi ya plastiki inayoganda ngumu), nanotyubu zinagusana, umeme unapita, na wimbi likifika usoni tu linarudishwa lilikotoka. VNA (mashine ya kupima wimbi linalopenya na linalorudi) itakuonyesha upungufu wa desibeli 20, yaani imepenya asilimia 1 tu, na wewe utafurahi. Haya, angalia na S11 sasa, yaani kipimo cha wimbi lililorudi: kama asilimia 90 imerudi basi iliyonyonywa ni 9 tu, hicho ni kioo ndugu yangu. Kwa kufunika saketi kinafaa sana, ila kwa chumba cha kupimia antena hakifai kabisa, kule unataka wimbi liingie lifie ndani.

Kwa hiyo anza na kidogo. Nanotyubu ndefu zikitawanywa vizuri zinaweza kuunganika hata chini ya asilimia 1 ya uzito, kwa hiyo nguvu nyingi weka kwenye kutawanya, sio kuongeza. Halafu unene: ukibandika sampuli juu ya bati, unatafuta robo ya urefu wa wimbi likiwa ndani ya material yenyewe, sio hewani. Kwa 10 GHz hewani wimbi ni sentimita 3, lakini pamitivu (kipimo cha jinsi material inavyoitikia uwanja wa umeme) ikiwa 9, unagawanya kwa kipeuo chake cha pili, yaani 3, linabaki sentimita 1, kwa hiyo robo yake ni milimita 2.5. Ukizidisha hapo masafa yanayonyonywa yanahama.

Kwenye bendi ya X (masafa ya kama GHz 8 hadi 12) kata sampuli ijae kabisa kwenye mwongozawimbi, yaani bomba la chuma la mstatili linalopitisha maikrowevu, 22.86 kwa 10.16 mm, na nakuomba sana uangalie zile pande mbili pana, kiupenyo kidogo cha hewa pale kinavuruga pamitivu yote kwa sababu uwanja wa umeme unavuka hapo hapo.

Na jamani, unga mkavu wa nanotyubu usiupime mezani mdomo wazi, unapeperuka na mapafu hayauwezi. Pimia kwenye kabati la kufyonza hewa, vaa glavu na barakoa ya kuchuja vumbi laini, ile ya kitambaa haisaidii.