Kahawia Inayokaribia Nyeusi: Wino Nilioutafuta kwa Hasira

Juzi kijana mmoja wa Bungoma aliniandikia: "Mwalimu, niliona bahasha za harusi ya binamu yangu, nikaambiwa ni mkono wako. Ule wino si mweusi, na si kahawia ya kawaida. Unauzwa wapi? Huku nimezunguka maduka yote, wana buluu na nyeusi tu." Ujumbe huo nimeusoma tena na tena, na sioni haya kusema umenifurahisha. Bahasha zile niliziandika usiku baada ya kusahihisha mitihani, na shangazi ya bibi harusi alizishika kwa ncha za vidole akiuliza zimechapishwa kwa mashine gani.

Wewe unayesoma hapa najua biro imeshakuchosha, na kalamu ya wino unayo tayari au unaiwekea akiba. Kwa hivyo sitaeleza kwa nini mtu atake kahawia. Nitaeleza kwa nini mimi niliitaka.

Zamani kidogo nilikuwa nikiandika majina kwenye vyeti vya shule kwa wino wa kahawia wa Waterman. Ni wino mtiifu, hauzibi kalamu, lakini una wekundu ndani yake, na nibu yangu, ile ncha ya chuma inayoandika, ilikuwa nyembamba. Mwalimu mkuu wa shule moja hapa Nakuru akavirudisha vyeti vyote mbele ya walimu wake. Alisema majina yamepauka kabla watoto hawajavipokea. Karani akapewa vyeti vipya na biro nyeusi, na pesa yangu sikuiona. Tukikutana Kenyatta Avenue tunasalimiana vizuri, lakini moyoni bado namdai.

Siku hiyo niliamua nitapata kahawia ambayo hakuna mtu ataiita hafifu: rangi ya mashapo ya kahawa chini ya kikombe, yale unayodhani ni meusi mpaka uinamishe kikombe kwenye mwanga.

Kuulizia madukani sitakusimulia, jibu ni lile lile ulilopewa Bungoma. Duka moja liliniuzia chupa ya wino wa kuchorea na kuniapia kwamba unaingia kalamu yoyote. Wino wa namna hiyo mara nyingi una shelaki, aina ya utomvu wa vanishi, ukikauka ndani ya kalamu hautoki kwa maji. Kalamu niliyoitia wino huo nilipewa na marehemu baba yangu. Soma kibandiko: kama hakitaji kalamu ya wino, rudisha chupa rafuni hata muuzaji akuite binti yake.

Sasa majina ya wino. Diamine ni kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1864, na kwao tafuta Macassar au Espresso. Chocolate Brown yao ni nzuri ila ina joto zaidi. Pilot wa Japani wana Yama-guri katika familia yao ya wino iitwayo Iroshizuku, nzito na laini kwenye nibu, lakini bei yake itakufanya uhesabu matone. Rohrer & Klingner wa Ujerumani wana Sepia, iliyokolea ikiwa na ukijani wa kijivu kwa mbali; wengine hawaipendi, mimi naipenda. Noodler's Walnut ya Marekani inastahimili maji, jambo la maana kwa bahasha zinazosafirishwa msimu wa mvua. J. Herbin, jina la tangu 1670, wana Lie de Thé inayosifiwa sana. Usiinunue kwa kazi hii, ni nyepesi mno.

Mimi chupa yangu ya Diamine ililetwa na ndugu aliyekuwa akirudi kutoka Uingereza. Chupa zao za kawaida ni za mililita 30 na 80, zote chini ya kikomo cha mililita 100 ambacho viwanja vingi vya ndege bado hukitumia kwa mizigo ya mkononi. Mwombe mtu wako mapema, si usiku wa kufunga sanduku.

Lakini hata Macassar ukiitia kwenye nibu nyembamba na kavu, utapata kahawia ya kawaida. Giza la wino linatokana na wingi wa wino unaobaki juu ya karatasi. Nibu pana inayotiririsha vizuri huongeza giza palepale bila kununua chupa nyingine. Na karatasi inayonyonya, kama ya madaftari mengi ya shule, hutawanya wino na kuupausha. Nilipobadilisha nibu, ile Waterman iliyokataliwa na yule mwalimu mkuu ilikolea vizuri kabisa. Natamani angeiona.

Ukikosa chupa hizo zote, changanya. Chukua kahawia na nyeusi za kampuni moja, kwa sababu kemikali za kampuni tofauti zaweza kugombana na kuacha mashapo. Nunua sirinji kwa kemisti, anza na kahawia, kisha tia nyeusi tone kwa tone. Nyeusi hushinda upesi. Acha mchanganyiko ulale siku kadhaa kwenye chupa ya glasi, uangalie chini kama kuna kitu kimetuama, halafu uujaribu kwenye kalamu ya bei rahisi. Andika vipimo kwenye chupa. Vijana hamwandiki vipimo, mnategemea kumbukumbu, na wateja wakirudi kutaka rangi ile ile mnaanza kubabaika. Kazi ya mkono inataka nidhamu, na wanaotucheka ndio wa kwanza kutuletea kadi za mwaliko.

Na ukisafiri na kalamu kutoka Kisumu kuja huku, ijaze kabisa na uisimamishe nibu ikiwa juu. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, na ukifika Mau Summit umeshapita 2,000. Hewa iliyo ndani ya kalamu hutanuka na kusukuma wino nje, na katika matatu hakuna wa kumlaumu.

Kijana wa Bungoma, nitumie picha ya nibu yako na ya karatasi unayoandikia kabla hujamtuma mtu yeyote chupa. Huenda unachohitaji ni nibu tu.