Tangi la Choo cha Boti Linanuka

SWALI: Mhariri, boti yangu ya kutembeza wageni ina tangi la plastiki la kuhifadhia maji machafu ya choo. Tangu kaskazi ianze, harufu ya mayai viza imejaa ndani, ingawa tangi hunyonywa kila mara. Nifanyeje? Msomaji, Tudor, Mombasa.

JIBU: Ndugu msomaji, anza na bomba la kupumulia, lile jembamba linalotoka juu ya tangi hadi ubavuni mwa boti. Likizibwa na chumvi au kiota cha nyigu, hewa safi haiingii, na bakteria wasiohitaji oksijeni huzalisha haidrojeni salfaidi, gesi ambayo ndiyo harufu hiyo unayoilalamikia. Tangi likiwa tupu, lisukumie bomba hilo maji ya mfereji kutoka nje. Na usinyonye tangi tena kabla ya kuzibua bomba, maana tangi lisilopumua hubonyea hata kupasuka.

Bomba likiwa zima, shuku mipira ya kupitishia maji machafu. Zungushia mpira kitambaa safi kilicholoweshwa maji moto, kiache kipoe, kisha ukinuse mbali na choo: kikinuka, mpira umeshapenywa na harufu, na hauna tiba ila kubadilishwa. Jiki, ambayo mabaharia wengi huipenda mno, iache kabisa, kwani huharibu mpira wa vali za pampu.

Usiingize kichwa tangini. Gesi hiyo huua, tena ikizidi hupumbaza pua, ukadhani imekwisha.