Usiulaumu ubepari, uliza kwanza nani atalipa

Kuna msomaji kaniandikia wiki hii, meseji ndefu kweli, eti kafanya kazi ya watu kwa miezi, hakulipwa hata senti, na sasa ameamini ubepari ndio umewageuza binadamu wanyama. Ndugu yangu pole sana, na wala sikucheki, maana yalinikuta na mimi na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Mimi nilitengeneza programu ya stoo kwa kampuni moja. Bosi wao mtu wa maneno matamu, kila nikituma ankara jibu ni moja tu, "wiki ijayo mkuu, tuko pamoja". Halafu kimya, simu haipokelewi, baadaye naambiwa kampuni imefilisika. Haikuchukua muda namwona kafungua nyingine, jina jipya, biashara ile ile, na programu inayotumika ni yangu, naijua mtoto wangu, hata kitufe cha kuhifadhi bado kiko kushoto kule juu, alipolazimisha yeye kikae wakati mimi namwambia watu watakuwa wanakibonyeza bila kukusudia. Nikamfuata. Akanijibu bila hata kupandisha sauti: "Wewe unaidai ile kampuni, mimi hunidai." Na kwa lile deni, kisheria alikuwa sawa jamani!!

Nikaenda kusoma, kwa hasira tu. Kumbe haya ni ya kale. Uingereza walipitisha sheria mwaka 1855 kwamba kampuni ikianguka mwenye hisa anapoteza alichoweka humo basi, kitanda chake nyumbani hakiguswi. Baadaye akaja fundi viatu wa London, Aron Salomon, akaiuzia biashara yake kampuni aliyoiunda mwenyewe, wanahisa ni yeye, mke na watoto watano, familia tupu. Ikafilisika. Waliokuwa wanaidai wakasema huyu na kampuni ni kitu kimoja, alipe yeye, kesi ikapanda mpaka kwa Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza enzi hizo, na mwaka 1896 wakaamua kwamba hapana, kampuni ni mtu mwingine na Salomon ni mtu mwingine. Dunia nzima mpaka leo inafanya biashara hivyo. Na tusidanganyane, sheria hiyo ina faida yake, bila hiyo nani angeweka pesa zake kwenye reli au kiwanda asichokisimamia, akijua kikianguka nyumba yake inauzwa? Ila faida hiyo kuna mtu anailipia, na mara nyingi ni mimi na wewe tunaofanya kazi kwanza halafu tunasubiri.

Sasa mnaosema ubepari umeharibu watu, mtu alikuwa mbinafsi kabla benki hazijazaliwa. Angalieni Xiaogang, kijiji cha China, mwaka 1978, ujamaa mtupu, shamba la wote na njaa ya wote. Familia 18 zikakutana kwa siri zikagawana mashamba, kila mmoja alime chake, akishatoa fungu la serikali kinachobaki chake. Mavuno ya mwaka uliofuata yakaruka, na watu ni wale wale. Kinachonifurahisha mimi zaidi ni mkataba wao, waliandika kabisa kwamba viongozi wakikamatwa, wengine watawalelea watoto wao mpaka wafike miaka 18. Yaani kabla ya jembe la kwanza walishakubaliana mambo yakiharibika nani anabeba nini. Wakulima hao, hawana hata mwanasheria!

Ndiyo maana nasema na nitarudia, uwajibikaji sio kumhubiria mwenzako awe na huruma. Ni kuuliza mapema, ikienda vibaya analipa nani? Chukua malipo ya awali. Malipo yakisimama na kazi isimame siku hiyo hiyo, usione aibu. Nywila ya mwisho usiitoe mpaka hela imeingia, sio imeahidiwa, imeingia. Na deni likiwa kubwa mwombe mwenye kampuni asaini dhamana yeye binafsi, kwa jina lake. Mtasema ni ukorofi, ila benki zinafanya hivyo kila siku kwa kampuni ndogo, kwa hiyo siku ya kuanguka benki inamdai yeye na wewe unadai karatasi. Unalalamika mfumo mbaya wakati mwenzako anautumia huo huo kujikinga, amka basi.

Yule bosi kanipigia juzijuzi, programu imemgomea, ananiita mkuu tena kama zamani. Nikamwambia sawa, lipa lile deni, halafu nusu ya kazi mpya mkononi, na iliyobaki saini wewe, sio kampuni. Akacheka sana, akasema siku hizi nimekuwa bepari. Bado hajasaini, na programu bado imegoma.