Ngozi nyeusi nayo hubabuka

Siku niliyobabuka na jua kulikuwa na mawingu, na hayo mawingu ndiyo yaliyoniponza. Nilikuwa juu ya paa namsaidia shemeji yangu kupaka rangi mabati. Nimevaa singlendi, upepo unapuliza, hata jasho la maana silioni. Tulipanda saa tatu asubuhi, tukashuka saa tisa alasiri. Mabega yalikuwa na joto kidogo tu, nikadhani ni uchovu.

Jioni nilipojimwagia maji ya moto nusura nipige yowe. Usiku shuka likawa kama msasa. Kulipokucha nilikuta malengelenge nyuma ya shingo, madogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Ndivyo jua lilivyo: linakuunguza mchana bila kukuambia, maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye, kisha yanazidi hadi kesho yake. Ukisubiri uhisi kuungua ndipo ukimbilie kivulini, umeshachelewa.

Kilichonichanganya zaidi ni rangi. Nilizoea kusikia kwamba ngozi iliyoungua huwa nyekundu. Yangu ilizidi weusi tu, ikakaza na kung'aa, na ukisogeza kiganja karibu bila hata kuigusa unasikia fukuto. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inatusaidia, sikatai, lakini ni kinga ndogo, haitoshi kushinda nayo juani. Mwenye ualbino karibu hana hata hiyo ndogo. Kwake kofia pana na mikono mirefu ni mambo ya tangu utotoni.

Basi nikaanza kuharibu. Nilijipaka mafuta ya mgando usiku uleule, nayo yakalifungia joto ndani. Shemeji akaja na dawa ya meno (nampenda, lakini si daktari). Barafu nayo usiiguse, inaiumiza ngozi ambayo tayari imeumia. Kilichonipa nafuu ni taulo lililolowekwa maji ya baridi ya kawaida, dakika kumi hivi, natoa, narudia. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu napaka losheni isiyo na manukato, au ute wa mshubiri. Nilimeza ibuprofeni ya kutuliza maumivu, ila mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au mimba asiimeze bila kuuliza. Nikanywa maji mengi. Malengelenge usiyatumbue, kwa sababu ile ngozi ya juu ndiyo bandeji yako. Yakienea eneo kubwa, au ukipata homa, kutetemeka, kutapika au kizunguzungu, nenda hospitali. Mtoto mchanga akiungua, usisubiri dalili yoyote.

Nilipokwenda duka la dawa niliulizwa swali ambalo sikulitegemea: unatumia dawa gani? Nilikuwa nameza doksisaiklini kwa ajili ya chunusi. Kumbe huifanya ngozi iungue upesi, na karatasi ya ndani ya boksi ilisema hivyo waziwazi. Mimi zile karatasi huzitupa. Krimu za chunusi zenye retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A) nazo zinataka tahadhari hiyohiyo.

Siku ya nne ngozi ikaanza kubanduka. Utamu wa kuivuta naujua! Niliivuta begani, na pale nilipovuta pamebaki madoa yaliyochukua miezi kufifia. Madoa ya jua hayataki haraka. Ukipaka dawa ya madoa halafu ukatoka bila kinga, jua linayarudisha. Krimu za kuchubua zisizoeleweka zina nini ndani ziache kabisa, baadhi hukutwa na zebaki au steroidi. Kusugua kwa nguvu pia huongeza weusi.

Kuhusu losheni ya kukinga jua, watu hubishana sana juu ya namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga yake. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza, SPF 50 asilimia 98. Tofauti ni ndogo. Kosa letu ni kupaka kiduchu. Kwa uso na shingo jaza mistari miwili kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, rudia kila baada ya saa mbili, na tena ukitoka majini. Kama inakuacha mweupe kama umepakwa chokaa, tafuta yenye rangi ya ngozi. Oksidi ya chuma inayoipa rangi hiyo husaidia pia dhidi ya madoa. Na kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, mawingu yawepo yasiwepo.

Wanaotafuta rangi ya shaba kwa makusudi sina mengi ya kuwaambia. Rangi ile ni ngozi inajihami baada ya kudhuriwa. Vitanda vya taa vya kujibabua tangu 2009 vimewekwa na wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kundi moja na tumbaku.

Upande wa pili wa paa tuliumaliza wiki tatu baadaye. Nilivaa shati la mikono mirefu, nikainua kola, nikashuka saa nne asubuhi. Shemeji alibaki juu na singlendi yake.