Re: Sloppy Joe bila ketchup inakuwa chachu na majimaji

Salama dada. Kama nimekuelewa, umeacha ketchup ili upunguze sukari, sasa rojo la Sloppy Joe yako (ile nyama ya kusaga yenye rojo la nyanya inayowekwa ndani ya mkate) ni chachu na linalowesha mkate.

Angalia kwanza nyanya. Za kusaga maji yake hayaishi. Mimi hutumia nyanya nzito ya kopo, vijiko 3 vya chakula kwa nusu kilo ya nyama ya kusaga. Nyama ikishatoa mafuta, yamwage, kisha nyanya uikaange humo na kitunguu na hoho mpaka iive rangi na kuanza kushika sufuria. Uchachu unapungua hapo hapo. Utamu natoa kwenye karoti iliyokwaruzwa laini, hata watoto hawaioni. Dengu za kuchemsha zichukue nafasi ya robo ya nyama. Zikizidi, hiyo sasa ni mboga ya wali! Mkate upashe upande wa ndani.