Msimwandike "mchambuzi" mtu mnayemtaka atangaze mechi

Ndugu, kamati yenu isisaini mkataba huo. Umeeleza kwamba katika bonanza lenu la Temeke mnataka kumwandika "mchambuzi" mtu atakayeshika kipaza sauti wakati mechi ikichezwa. Neno hilo ndilo litakalowagharimu.

Sisi huku Mbagala tulishauriwa na mtu aliyejiita mtaalamu wa lugha kwamba "mchambuzi" ni jina la heshima linalomfaa yeyote anayeuzungumzia mpira. Likachapwa kwenye mabango, likaingia kwenye mkataba, na malipo ya awali yakatolewa. Siku ya fainali filimbi ilipopulizwa, bwana yule alikaa kimya na daftari lake, akiandika ni beki gani anayeacha nafasi na ni kiungo gani anayepoteza mipira, huku watazamaji waliokaa mbali wakiulizana nani amefunga. Tulipomfuata, alitufungulia mkataba: kazi yake ilikuwa kuchambua, naye angechambua wakati wa mapumziko na baada ya mechi. Hakukosea hata kidogo. Ilibidi mtangazaji atafutwe papo hapo kwa bei aliyoitaka mwenyewe, na fedha za zawadi ya mshindi wa tatu zikaishia hapo. Aliyetushauri hakuchangia hata shilingi, na hasira yangu kwake haijapoa, kwa sababu kamusi alikuwa nayo mezani na hakuifungua.

Kitenzi chenyewe kinaeleza kila kitu. Unachambua pamba kwa kuitoa mbegu na takataka, na unachambua mchicha kwa kutenga majani mazuri na mabovu. Mboga iliyo bado shambani haichambuliwi. Kutangaza ni kulifanya jambo lijulikane kwa watu, kwa hiyo anayeufuata mpira pasi kwa pasi ni mtangazaji, hata akiwa na maarifa kumzidi kocha. Mtu mmoja anaweza kuzifanya kazi zote mbili, ila mkataba uzitaje zote mbili na wakati wa kila moja. Wala msikimbilie "mhakiki" kwa kudhani lina uzito zaidi, maana hilo limezoeleka kwa wanaopima kazi za fasihi.

Futeni neno hilo leo, andikeni "mtangazaji wa mechi", na chini yake mweleze kwamba ataanza kuzungumza kabla ya filimbi ya kwanza. Mabango, kama hayajachapwa, yasubiri.