Kicheche hapigi hodi mlangoni

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: kaamka, kakuta kuku sita chini, shingo zimetafunwa, nyama haijaguswa. Anauliza kama ni mkono wa mtu. Ndugu yangu, hapana mkono wa mtu hapo. Huyo ni kicheche, yule mnyama mdogo mwizi wa kuku, namjua.

Mwaka niliohamia Kibaha nilikuwa na kuku wa kienyeji 22. Banda nililijenga kwa pesa ya kikoba, nikazungushia wavu ule mwembamba wa matundu ya pembe sita. Fundi akaniambia, "Mama, hapa hapiti kitu." Nikamwamini. Alfajiri moja ya masika nikasikia kuku wakilia, mara kimya. Nikadhani ni mvua, nikavuta shuka. Kulipokucha, 17 walikuwa wamelala sakafuni. Tetea wangu mwekundu alikuwa bado juu ya mayai, mabawa ameyatandaza, shingo imening'inia nje ya kiota. Nikatia mkono chini yake. Mayai yalikuwa yangali na joto.

Kwenye kona, chini ya wavu, palikuwa na shimo ambalo hata ngumi yangu haikuingia. Kicheche kichwa kikipita, mwili unafuata. Jirani mmoja alinicheka mbele za watu, eti kufuga si kazi ya watu wa mjini. Linaniuma mpaka leo.

Sasa nisikilize. Wavu ule humzuia kuku asitoke, haumzuii mnyama asiingie. Chimba mtaro wa futi moja kuzunguka banda, shusha wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu yasiyopitisha kidole gumba, kisha shindilia mawe. Mlangoni mimi nilimwaga zege. Magharibi ikikaribia, funga banda wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Vifaranga wafunike kwa tenga mchana, maana mwewe hangoji giza.

Huu ni msimu wa nne tangu nifukie wavu, na sijapoteza hata kuku mmoja usiku. Hata yule jirani alikuja kuuliza, nikamwonyesha. Jamani, unachanja kuku dhidi ya kideri, ugonjwa unaowaua, kila miezi mitatu, unanunua pumba kwa jasho lako, halafu unalala na tundu kwenye kona? Viumbe wale umewafungia mwenyewe, hawana pa kukimbilia.

Leo jioni chukua tochi, piga magoti, pitisha mkono chini ya kuta zote za banda. Anzia kona ya nyuma, ile usiyofika.